Kumfuatilia mgonjwa wa saratani ya damu akiwa nyumbani: kipimajoto, daftari na simu

Sehemu ngumu ya kazi hii hufanyika wodini, kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Familia nyingi hununua kipimajoto njiani wakirudi nyumbani, wanapima kwa bidii wiki nzima, halafu siku joto linapopanda saa nane usiku hakuna anayejua apigiwe nani. Namba isiyo na mtu wa kuipokea ni pambo.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya saratani kwa miaka kadhaa. Simu ninazozikumbuka zaidi huanza hivi: "Sista, jana usiku dada alichemka kidogo, tukampa panadoli na mseto wa malaria, akalala. Sasa asubuhi hii anaongea ovyo." Familia hiyo haikuzembea. Ilifanya kile ambacho nyumba zetu zote hufanya mtu akipata homa. Ila kwa mwenye lukemia, limfoma au mieloma, ambazo ndizo aina kuu za saratani ya damu, anayewekewa dripu za kemo, saa zile tisa za usingizi zilikuwa saa za kumpa antibiotiki kwenye mshipa.

Zijue siku za hatari

Kemo huua chembe za saratani, na papo hapo huudhoofisha uboho, kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa. Kati ya chembe nyeupe zinazopungua, zinazoitwa neutrofili ndizo askari wa mstari wa mbele dhidi ya bakteria. Kwa dozi nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu kemo ianze, kisha hupanda taratibu kuelekea siku ya 21. Mwenye lukemia kali aliye kwenye dozi za mwanzo anaweza kukaa chini wiki tatu au nne, na ndiyo maana wengi wao hubakizwa wodini kipindi hicho. Anayemeza vidonge vya imatinibu kwa lukemia sugu hatari yake huwa ndogo zaidi, ingawa naye hupimwa damu mara kwa mara.

Chukua karatasi ya picha kamili ya damu utafute mstari ulioandikwa NEU au NEUT. Ikisoma chini ya 0.5, yaani chini ya 500 kwa mikrolita moja ya damu, mgonjwa hana ulinzi wa maana. Chini ya 0.1 ni hatari zaidi. Kama maabara imekupa asilimia tu, piga hesabu: chembe nyeupe zote 1.2, neutrofili asilimia 30, basi 1.2 mara 0.3 ni 0.36. Andika namba hiyo na tarehe yake.

Askari wakiisha, dalili nazo huisha. Usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga ya neutrofili, kwa hiyo mtu asiyekuwa nazo kidonda chake kinaweza kuwa na maambukizi bila kutunga usaha. Picha ya kifua inaweza kuonekana safi wakati nimonia tayari imeanza. Mara nyingi homa ndiyo kengele pekee inayobaki. Na bakteria wengi wanaoingia kwenye damu hutoka kwenye utumbo na ngozi ya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo nyumba kung'aa kwa dettol si sababu ya kuacha kupima.

Hata kengele hiyo hufungwa mdomo wakati mwingine. Prednisoloni na deksamethasoni, ambazo wagonjwa wengi wa limfoma, mieloma na lukemia ya limfu hupewa pamoja na kemo, huficha homa. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa na nyuzi 37.2 huku presha ikiporomoka. Ndiyo maana hatupimi joto peke yake.

Kabla hujatoka wodini

Usikubali kuondoka na maneno "ukiona tatizo rudi". Uliza na uandike majibu kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku.

Nani anapokea simu usiku, Jumapili na sikukuu? Omba namba ya wodi au ya zamu, siyo namba ya muuguzi mmoja aliyekuonea huruma. Mimi mwenyewe nimewahi kugawa namba yangu kwa moyo mweupe, nikaenda likizo kijijini kusikokuwa na mtandao, na niliporudi mjini nikakuta ujumbe wa siku mbili nyuma kutoka kwa mtu mwenye nyuzi 38.9. Sikurudia tena.

Kizingiti chetu ni kipi? Miongozo mingi hutaja nyuzi 38.3 zikionekana mara moja, au 38.0 zikidumu kwa saa nzima. Hospitali nyingi hurahisisha na kusema 38.0 tu, basi. Wewe chukua ya daktari wako. Akikuachia uchague, chagua 38.0, hasa kama unaishi mbali.

Nikiwa mbali niende wapi kwanza? Mtu anayetibiwa Bugando, Mwanza, na kuishi Kasulu, au anayetibiwa Eldoret na kuishi Lodwar, hawezi kumfikia daktari wake ndani ya saa moja. Omba barua ya kwenda hospitali ya karibu yenye uwezo wa kuweka dripu. Barua itaje ugonjwa, tarehe ya kemo ya mwisho, antibiotiki ya kuanzia na dozi yake, na namba ya daktari wa saratani. Kituo cha karibu kikisoma jina la dawa kwenye barua yenye muhuri hakipotezi nusu saa kikijiuliza.

Mwisho, omba upime palepale wodini kwa vifaa vyako, kisha muuguzi apime kwa vyake. Kipimajoto chako kikitofautiana na cha wodi kwa nusu nyuzi, ni heri ujue leo. Namba hizo za siku ya kuondoka, akiwa ametulia na hana homa, ndizo namba zake za kawaida. Kila kitu baadaye kitalinganishwa nazo.

Vifaa

Fedha zikitosha kitu kimoja tu, nunua kipimajoto cha dijitali chenye ncha, cha kuweka chini ya ulimi au kwapani. Cha kuelekeza kwenye paji la uso, kama bastola, kilitufaa milangoni wakati wa Korona lakini hapa hakitoshi: mtu aliyetoka juani, aliyejitanda kanga kichwani au aliyekaa mbele ya feni hukidanganya. Cha kioo chenye zebaki kiache. Kikipasukia mdomoni mwa mtu mwenye chembe sahani chache, zile za kugandisha damu, ni balaa, na hata hivyo Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kuvitengeneza na kuviuza kati ya nchi na nchi.

Angalia pia kisije kikawa kimewekwa kwenye farenihaiti. Kioo kikisoma 98 au 100 usishtuke na usikitupe, 100.4 za farenihaiti ndizo 38.0 zetu. Kwa kawaida kuna kitufe cha kubadili.

Cha pili ni oksimita, ile ya kubana kidole. Cha tatu ni mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu. Saa yoyote yenye sekunde inatosha kuhesabia pumzi, na simu unayo.

Watu waishio Ulaya, Marekani na Ghuba huniuliza kuhusu vibandiko vya kifuani na saa za mkononi zinazopima bila kukoma. Vipo, na wagonjwa wa tiba mpya kama ile ya chembe T (aina ya chembe nyeupe) zilizobadilishwa ili zishambulie saratani, iliyoidhinishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 2017, baadhi yao huruhusiwa nyumbani wakiwa navyo kwa sababu homa ndiyo mara nyingi ishara ya kwanza ya madhara ya tiba hiyo. Kama hospitali yako inakupa kibandiko na kuna mtu anayekitazama usiku kucha, kivae. Saa uliyojinunulia dukani itumie kuona mwenendo wa mapigo tu. Kwa maoni yangu, vipimo viwili kwa siku vinavyosomwa na mtu vina thamani kuliko elfu moja visivyosomwa.

Namna ya kupima

Pima saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na saa yoyote atakayotetemeka, atakayosema anasikia baridi, au utakayomwona tu hayuko sawa. Joto la kila mwanadamu hupanda kidogo jioni, kwa hiyo linganisha jioni na jioni. Mgonjwa akiwa amelala vizuri usimwamshe kila saa. Usingizi nao ni dawa.

Joto. Asile wala kunywa chochote cha moto au baridi kwa nusu saa. Ncha ikae chini ya ulimi, kwa nyuma pembeni, mdomo ufungwe hadi mlio. Akiwa na vidonda mdomoni, jambo la kawaida kwenye kemo, tumia kwapa lililokaushwa, mkono ukiwa umebanwa. Kwapa husoma chini ya mdomo, mara nyingi kwa karibu nusu nyuzi, kwa hiyo 37.5 za kwapani zichukulie kama onyo. Chagua sehemu moja uifuate, na kila mara uandike ni wapi. Njia ya haja kubwa ni marufuku: kipimajoto, dawa za kupachika, enema, vyote. Mkwaruzo mdogo hapo ni mlango wa bakteria.

Na panadoli? Usimpe kabla ya kupima, wala usimpe kwa homa kabla ya kuongea na hospitali. Anayemeza panadoli kwa maumivu apimwe kabla ya kila dozi, na wodi ijue.

Pumzi. Hiki ndicho kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote, nami ndicho ninachokitazama kwanza. Ukimwambia mtu "nakuhesabia pumzi" atabadilisha upumuaji palepale. Mshike kifundo cha mkono kama unayepima mapigo, macho yako yawe kifuani au tumboni, hesabu dakika nzima. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Ukikosea pumzi moja umekosea nne. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 12 na 20. Watoto hupumua haraka zaidi: Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano.

Oksijeni na mapigo. Mkono uwe na joto, ukucha uwe mtupu. Rangi ya kucha huvuruga usomaji, na hina nyeusi pia inaweza kuuvuruga. Kama bibi harusi wa juzi ndiye mgonjwa wa leo, jaribu kidole kisichopakwa. Mwache atulie dakika tano, kisha subiri namba zitulie kwa dakika moja. Oksimita huonyesha namba mbili, moja ya oksijeni kwa asilimia na nyingine ya mapigo. Nimepokea ujumbe mwingi wa "98 na 104" bila maelezo. Hiyo huwezi kukosea, kwa sababu oksijeni haizidi 100, lakini "94 na 92" utaisomaje?

Kuna jambo ambalo watu weusi tunapaswa kulijua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni uliofichwa na oksimita ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo namba nzuri isikupumbaze ikiwa kifua kinahangaika. Vilevile mgonjwa mwenye damu pungufu anaweza kusoma 98 huku akihema, kwani kifaa hupima damu iliyopo imebeba kiasi gani, hakipimi damu ni kiasi gani.

Presha. Akae, ameegemea, mkono umeinuliwa usawa wa moyo, asiongee. Usifunge kwenye mkono wenye mrija wa dawa. Akiwa na chembe sahani chache mara moja au mbili kwa siku inatosha, kwa sababu kubanwa huacha madoa ya damu kwenye ngozi. Safari hii hatutafuti presha ya kupanda, tunaogopa kushuka.

Kisha mtazame. Anajua leo ni siku gani? Amekojoa tangu asubuhi? Mrija wake wa dawa una wekundu? Alitetemeka baada ya mrija kusafishwa? Swali hili la mwisho peke yake linaweza kufichua kuwa bakteria wamejificha ndani ya mrija. Anayetumia atenololi au propranololi, dawa za presha na moyo zinazopunguza mapigo, mapigo yake yanaweza yasipande hata akiwa mgonjwa sana, kwa hiyo kwake tegemea pumzi, presha na akili zaidi.

Kuandika na kutuma

Andika kwanza, tuma baadaye. Simu huzima chaji, bando huisha, daftari lipo. Kila ujumbe ufuate mpangilio uleule ili anayesoma wagonjwa ishirini asitafute:

"Faili 000. Siku ya 9 tangu kemo. Saa 12 jioni. Joto 37.4 mdomoni. Pumzi 18. Oksijeni 97. Mapigo 96. Presha 112/70. Anaongea vizuri, amekula uji, amekojoa mara nne."

Ujumbe mfupi wa kawaida unatosha, hauhitaji intaneti. Kwenye WhatsApp ongeza picha ya kioo cha kifaa, inapunguza makosa ya kunakili. Tumia namba ya faili badala ya jina kamili na jina la ugonjwa, na usitume kwenye kundi la ukoo. Taarifa za afya zinalindwa kisheria, Kenya tangu sheria ya mwaka 2019 na Tanzania tangu ile ya 2022, lakini sheria haitamzuia shangazi kusambaza. Mgonjwa mwenyewe ndiye aamue nani aone.

Sasa lile ambalo ningependa likumbukwe kama mengine yote yatasahaulika. Namba za kawaida zinatumwa kwa ujumbe, na kukosa jibu hakuna neno. Namba mbaya haitumwi kwa ujumbe. Inapigiwa simu, na simu isipopokelewa mara mbili unaondoka nyumbani huku ukiendelea kupiga. Tiki mbili za buluu si daktari.

Namba zinazokutoa nyumbani

Kwa mtu mzima, kama daktari wako hakukupa nyingine:

- Joto 38.0 au zaidi, hata mara moja, hata kama anacheka.
- Kutetemeka kwa baridi, joto liwe lolote.
- Joto chini ya 36 akiwa amelegea.
- Pumzi 22 au zaidi ametulia. Zikifika 25 ni dharura ya kukimbia.
- Oksijeni 93 au chini baada ya kurudia kwa kidole kingine.
- Mapigo zaidi ya 110 ametulia, yakirudiwa baada ya robo saa na kubaki hapo.
- Namba ya juu ya presha 100 au chini, isipokuwa kama hiyo ndiyo kawaida yake tangu wodini.
- Kuchanganyikiwa, au usingizi usio wa kawaida.

Joto kati ya 37.5 na 37.9 mdomoni: piga simu, usimpe panadoli, pima tena ndani ya saa moja. Oksijeni 94 au 95 ambayo jana ilikuwa 98: piga simu. Mteremko wa siku tatu una maana hata kama hakuna namba iliyovuka mstari. Presha 128, kisha 117, kisha 106, huku mapigo yakipanda 82, 95, 107, hapo siwezi kulala, nawe usilale.

Njiani na mapokezi

Mfuko uwe umefungwa tangu siku ya kwanza: barua, kadi ya bima, majibu ya mwisho ya damu, orodha ya dawa, daftari, nauli. Patana mapema na dereva wa bajaji au teksi atakayeamka usiku. Bodaboda kwa mtu mwenye presha ya kushuka ni hatari. Anaweza kuzimia nyuma ya dereva.

Ukifika usikae kwenye benchi kusubiri kuitwa. Nenda dirishani useme maneno haya: "Ana saratani ya damu, aliwekewa kemo siku tisa zilizopita, ana homa, huenda hana neutrofili." Antibiotiki ya mshipani inatakiwa ianze ndani ya dakika 60 tangu kufika. Damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kwanza kama chupa zipo; kama hazipo, dawa isizisubiri.

Watapima malaria, na wapime, hii ni Afrika Mashariki. Ila majibu yakiwa chanya hayafuti bakteria. Vyote viwili hukaa pamoja na vyote viwili hutibiwa. Sema kwa heshima, "Daktari, tuanze na antibiotiki huku tukisubiri kipimo." Kataa sindano ya makalio na kataa diklofenaki na aspirini, ueleze kuwa chembe sahani zake ziko chini na anaweza kuvuja damu. Wahudumu wengi wakielezwa hivyo hubadili njia bila ubishi. Daftari wape walione: kurasa za siku tisa humwonyesha daktari asiyemjua mgonjwa jinsi presha ilivyokuwa Jumatatu.

Neutrofili zikipanda juu ya 0.5 na daktari akakubali, punguza kupima hadi mara moja kwa siku. Kemo inayofuata ikianza, geuza ukurasa, andika juu yake "Siku ya 1", na ubadilishe betri za kipimajoto kabla ya siku ya 7.